Hela ya kwanza iende masikioni

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Temeke alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Shikamoo ya haraka, salamu za nyumbani, kisha swali ambalo hunifikia karibu kila mwezi: "Kaka, nina laki nane, na laptopu nimeachiwa na bro. Nataka kutengeneza biti, nianze kununua nini?" Halafu akanisomea orodha. Spika mbili za studio, zile za koni ya njano. Maiki kubwa ya kondensa. Kibodi ya funguo 61. Na hela ikibaki, mashine ya MPC, ile yenye pedi za kugonga midundo, maana kila prodyuza anayemfuatilia YouTube anayo mezani.

Hela isingebaki. Lakini hata angekuwa na milioni tano, orodha ile ningeipinga, kwa sababu ilijaa vitu vya kubonyeza na vya kupigia picha. Hedifoni hakuzitaja kabisa. Nilipomuuliza anasikilizia nini, akasema, "Zipo hizi za simu, kaka, zina bezi hatari."

Hapo ndipo nilipocheka, maana nilijiona mwenyewe.

Hedifoni zangu za kwanza nilizinunua Kariakoo, na nilizipenda kwa sababu kiki, ule mdundo mzito wa chini, ilikuwa inanigonga mpaka kwenye fuvu. Nikakesha nazo, nikamaliza biti alfajiri, nikaiweka kwenye flashi na kumpa rafiki yangu aliyekuwa konda wa daladala ya Mbagala aipige njiani. Kiki haikuwepo. Bezi ilisikika kama mtu anagonga ndoo mtaa wa tatu. Kabla hatujafika Mtongani jamaa alishaichomoa flashi. "Mwanangu, hii ngoma ina homa," akasema, abiria wawili wakacheka.

Kosa halikuwa la spika za daladala. Hedifoni zile zilikuwa zinaongeza bezi ambayo kwenye faili haipo. Mimi nikisikia imezidi, naipunguza. Nikisikia bado imezidi, naipunguza tena. Kufika asubuhi nilikuwa nimetibu ugonjwa wa hedifoni, nikaua biti nzima.

Kwa hiyo nikipewa laki nane za mtu, naanza na hedifoni za studio, zilizofungwa pembeni, za waya. Zipo zinazojulikana dunia nzima na ambazo hutajuta: Audio-Technica ATH-M40x, Sony MDR-7506, Beyerdynamic DT 770 Pro. Hizi za mwisho hakikisha unasoma kijikaratasi cha ohm, kipimo cha ukinzani wa umeme, kabla hujalipa, maana zinatengenezwa kwa aina kadhaa. Za ohm 250 ukizichomeka kwenye laptopu peke yake zitasikika kwa mbali, kama redio ya jirani. Za ohm 32 au 80 zinafaa zaidi kwa anayeanza. Na feki ziko nyingi, kwa hiyo nenda dukani na wimbo unaoujua kwa moyo, usikilize mwenyewe kabla hujatoa hela. Muuzaji anayekataa zisijaribiwe keshakujibu.

Bluetooth usiifikirie kwa kazi hii. Sauti inachelewa njiani kiasi kwamba ukigonga pedi, mlio unakuja wakati kidole kimeshasahau.

Sasa, spika. Najua inauma kuambiwa usinunue spika, kwa sababu studio bila spika haifanani na studio. Ila kijana wangu anaishi chumba kimoja, mita tatu kwa tatu, na chumba cha namna hiyo ni ala inayojipiga yenyewe. Hesabu yake ni rahisi. Kwenye joto la Dar, sauti inasafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Gawanya 350 kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani kwa 6. Unapata 58. Ina maana bezi ya Hz 58, yaani mitetemo 58 kwa sekunde, ikipigwa humo ndani, inagonga ukuta, inarudi na kukutana na yenyewe. Kwenye kuta na pembeni inavimba, katikati ya chumba inapotea. Na kwa kuwa chumba ni mraba, kuta za pande zote mbili zinafanya kosa lilelile kwenye namba ileile. Dari nayo ikiwa mita tatu, hapo ndiyo umekaa ndani ya debe.

Hz 58 ni noti ya A#, pale pale zinapoishi bezi za 808, zile nzito zilizopewa jina la mashine ya ngoma. Ukiweka kiti katikati ya chumba, noti hiyo utaisikia imekufa, utaipandisha. Ukikaa umeegemea ukuta, utaisikia inanguruma, utaishusha. Biti ileile, mita moja na nusu tu tofauti.

Kama tayari una spika, jaribu hivi leo usiku. Piga noti za bezi moja moja, kwa nguvu ileile, kuanzia karibu Hz 40 mpaka 80, ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha kazi. Utasikia moja inaruka juu na nyingine inamezwa. Kisha sogeza kiti nusu mita, urudie. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilidhani spika zangu ni mbovu. Kwenye chumba cha mita tatu, kichwa kikae kama mita moja na kidogo kutoka ukuta ulio mbele yako, na hapo bado hujapona, umepunguziwa maumivu tu.

Tena spika ndogo zenyewe hazifiki chini. Yamaha HS5, spika ya inchi tano inayoheshimika, watengenezaji wake wenyewe wanaandika kwamba inaanzia Hz 54. 808 iliyopangwa Hz 43 utaisikia kwa kubahatisha. Hedifoni nzuri inashuka huko bila kujali umekaa Temeke kwenye chumba cha debe au Masaki kwenye sebule.

Na tafadhali, trei za mayai. Nimeingia studio nyingi za uswahilini zilizobandikwa trei ukutani kuanzia chini mpaka juu, mwenye studio akizionyesha kwa fahari. Zinapunguza kidogo ile sauti ya juu inayorukaruka. Bezi inapita humo kama hakuna kitu, na zikishika moto ni balaa. Godoro la zamani lililosimamishwa kwenye kona litakufaa zaidi, na nguo zilizojaa kabatini zinasaidia pia.

Laptopu ya bro ilikuwa na Core i5 na RAM ya GB 8, ambayo inatosha kuanzia. Tatizo lilikuwa diski. Nilimwambia afungue Task Manager, aende sehemu ya utendaji, asome pale kwenye diski pameandikwa nini. Ikasomeka HDD, ile ya kuzunguka. Kubadilisha ikawa SSD, ile isiyozunguka, ni kazi ndogo kwa fundi, na mashine inafufuka: sampo, yaani vipande vya sauti, zinafunguka mara moja, mradi hauchukui muda wa kuchemsha chai. Watu wengi wanauza laptopu nzima wakati iliyochoka ni diski tu.

Programu. Hapa Bongo ukisema unatengeneza biti, watu wanaelewa unatumia FL Studio, ile iliyoanza 1997 huko Ubelgiji ikiitwa FruityLoops. Faida yake kubwa ni kwamba mtaa mzima unaijua, ukikwama kuna mtu wa kumuuliza. Ukiilipia mara moja, matoleo mapya unapewa bure maisha yako yote. Lakini angalia unalipia ipi. Toleo la chini kabisa, Fruity, haliruhusu kurekodi sauti ya mtu. Ni la midundo tu. Kama una mpango wa kumwingiza msanii chumbani, jikusanye ununue toleo la Producer.

Kuna njia ya bure inayodharauliwa: toleo la majaribio. Linakuachia kila kitu, unaweza hata kutoa WAV, faili la sauti, la biti yako. Kizuizi ni kimoja: mradi uliouhifadhi huwezi kuufungua tena mpaka ulipie. Mimi naona hicho kizuizi ni mwalimu. Unakaa, unaanza biti, unaimaliza, unaitoa, basi. Prodyuza wangapi wana folda yenye vipande mia mbili vya sekunde nane? Anayetaka cha bei nafuu zaidi kuna Reaper, leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Kreki, yaani programu za wizi, sizungumzii kwa uchungu wa maadili. Nazungumzia diski yangu ya nje iliyoliwa na virusi pamoja na kazi ya mwaka mzima.

Kabla hujanunua kadi ya sauti, kile kifaa cha kuingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta, elewa inatibu nini. Kompyuta haichezi sauti mfululizo, inaichota kwa vikombe. Kikombe ndiyo bafa. Kwa kawaida sekunde moja ya sauti ina sampuli, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, 44,100. Bafa ikiwa sampuli 2,048, kila kikombe ni milisekunde 46. Sasa chukua singeli ya mapigo 220 kwa dakika. Katika mwendo huo, nafasi kati ya nukta moja na nyingine za hai-hati, ile milio midogo ya matoazi, nne kwa kila pigo, ni milisekunde 68. Ukigonga pedi na mlio ukachelewa 46, umeshavuka nusu ya njia kwenda kwenye nukta inayofuata. Mtu anajiona hana mkono, kumbe ana bafa kubwa. Ishushe mpaka 256 na ucheleweshaji unakuwa kama milisekunde 6, ambazo kidole hakizigundui. Ukishuka sana kompyuta inaanza kukoroma na kutoa mikwaruzo, basi unapanda kidogo.

Kwenye Windows mabadiliko haya yanategemea draiva, programu ndogo inayoiongoza sauti. FL Studio inakuja na draiva yake ya ASIO bure, ichague kwenye mipangilio kabla hujakimbilia dukani. Wengi niliowasaidia waliahirisha kununua kadi baada ya hapo. Kadi utaihitaji siku ya kurekodi sauti, au ukiwa na hedifoni nzito za kuendesha.

Kibodi ya MIDI yenyewe haina sauti ndani. Tangu 1983 kazi ya MIDI ni kupeleka taarifa: noti gani, imepigwa wakati gani, kwa nguvu kiasi gani kati ya 0 na 127. Ndiyo maana kibodi ndogo ya funguo 25 yenye pedi nane, kama Akai MPK Mini, inatosha kabisa. Funguo 61 zinachukua meza ambayo hana. Unaweza hata kupigia vitufe vya laptopu, nimefanya hivyo miaka miwili, lakini vitufe havijui nguvu. Kila mlio unatoka sawa. Msikilize mtu anayejua kutikisa kayamba: tikiso moja nzito, mbili nyepesi, moja katikati, na humo ndimo mwili unamochezea. Hai-hati zako zikiwa zote namba 100, umeweka saa ya ukutani. Zipe 100, 62, 85, 58, kisha usikilize tena.

Maiki nitaipitia haraka. Maiki za kondensa zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi. Nilishawahi kununua moja nikaichomeka moja kwa moja kwenye laptopu kwa waya wa pini ndogo, nikaimba, nikapata mnong'ono na mvumo. Na kwenye chumba kisichotulia, kondensa inarekodi jogoo, bodaboda na mama mwenye nyumba. Ukifika wakati wa sauti, nunua dainamiki, aina isiyohitaji umeme huo, kama Shure SM58 ambayo ipo tangu 1966, ukae karibu nayo.

MPC je? Ni mashine tamu. Roger Linn aliibuni pamoja na Akai, ya kwanza ikatoka 1988, na hip-hop ya Marekani isingekuwa hivi ilivyo bila zile pedi 16. Ila watu wale hawakuwa na laptopu yenye nguvu ya studio nzima. Singeli ya Manzese na Tandale ilikuzwa kwenye kompyuta za kawaida, kwa vipande vya taarabu vilivyoharakishwa, na leo inachezwa kwenye matamasha Ulaya.

Jambo la mwisho ni umeme, ambalo wale wa YouTube hawalisemi kwa sababu kwao haukatiki. Laptopu ina betri, na hiyo peke yake inatosha kuichagua mbele ya kompyuta ya mezani. Ukiwa na ya mezani, UPS, lile sanduku la betri la kushikilia umeme ukikatika, ni kifaa cha muziki, ihesabu humo. Na ukisikia mvumo kwenye hedifoni unaoondoka ukichomoa chaja, usiitukane kadi. Tafuta soketi yenye ethi, waya wa ardhini, ya kweli.

Kijana alinunua hedifoni kwa laki tatu, kibodi ndogo kwa laki mbili na nusu, akaweka SSD, kilichobaki kakifungia. Juzi kanitumia biti ya kwanza, singeli ya mapigo 210. Nimeisikiliza kwenye hedifoni, kwenye simu, kisha garini. Kiki ipo. Kayamba kaiweka juu mno. Nimemwambia aishushe desibeli tatu, anitumie tena.