"Actually" haina saa ndani yake

Neno la Kiingereza "actually" maana yake ni "kwa uhalisi", hasa pale msikilizaji alipodhani vingine. Kamusi yoyote itakupa hilo, tuendelee.

Kinachonikera ni ripoti zinazoandikwa Bujumbura, Goma au Bukavu, kwa Kiingereza cha watu waliosomeshwa kwa Kifaransa: "Actually the road is closed." Mwandishi amekusudia kwamba kwa sasa barabara imefungwa. Msomaji wa Nairobi anaelewa kuwa kuna mtu alidai iko wazi, naye anakosolewa. Huyo mtu hayupo.

Kosa lenyewe lina asili ya heshima. Kilatini kina agere, kutenda, na actus, tendo. Humo likazaliwa actualis, neno ambalo wanafalsafa wa Ulaya ya zama za kati walilitumia kwa kitu kilichokwisha kuwa, tofauti na kile chenye uwezo tu wa kuwa: mti, si mbegu. Tofauti hiyo waliirithi kwa Aristotle. Kiingereza kikabaki na kilichopo kweli. Kifaransa kikaelekea kwenye kilichopo sasa, ndiyo actuel na actuellement. Kihispania, Kiitaliano na Kijerumani navyo viko upande huo, kwa hiyo ukihesabu majirani, Kiingereza ndicho kilichojitenga. Lakini ukiandika Kiingereza, utafuata cha wenyewe.

Kwenye mahesabu kosa hili ni la hatari zaidi. Safu ya "actual" iliyo kando ya "budget" ni matumizi halisi, fedha iliyokwisha kutoka, ikilinganishwa na makadirio. Ukiifasiri "bajeti ya sasa", mkaguzi atakuuliza ile ya zamani iko wapi.

Nasi wa Kiswahili tusicheke sana, maana tunalifasiri "kwa kweli" kila linapotokea. "She's actually a doctor", inaposemwa na mtu aliyemdhania mwingine, ni "kumbe ni daktari". Kumbe limebeba mshangao wote, wala halihitaji kiapo mbele yake.

Kwa aliyelelewa na Kifaransa: "actually" ni en fait. Ukitaka actuellement, andika "currently", au "now" tu. "Presently" liache kwanza, kwani Mwingereza anaweza kuelewa kwamba barabara itafungwa punde.