Gari Lililalaje? Kulitunza Gari na Uwanja Kwenye Baridi ya Kugandisha

Gari likigoma kuwaka asubuhi ya nyuzi -20 za Selsiasi, lawama zote huiendea baridi. Mimi huuliza kwanza lililalaje: betri ilikuwa na volti ngapi, tangi lina mafuta gani, breki ya mkono ilivutwa au la. Sehemu kubwa ya matatizo ya asubuhi huwa yangemalizwa jana yake kwa dakika kumi, mwanga ukiwa bado upo na vidole vikiwa bado vinafanya kazi.

Betri ndiyo hufa kwanza. Betri ya kawaida ya risasi na asidi ikifika nyuzi -18 hubaki na karibu nusu tu ya nguvu zake. Wakati huohuo oili imekuwa nzito, kwa hiyo stata inadai umeme mwingi kuliko siku za joto. Ipime kwa kipima volti baada ya gari kukaa saa kadhaa bila kuwashwa. Ikisoma 12.6 au zaidi kidogo imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu. Ikiwa chini ya 12.4 naitia kwenye chaja usiku huohuo, sisubiri kesho. Na si suala la kuwaka tu: maji ya betri iliyojaa hayagandi hadi baridi ifike karibu nyuzi -60, lakini betri iliyokwisha chaji inaweza kuganda baridi ikiwa nyuzi -10 tu, au hata kabla.

Ukiona ubavu wa betri umevimba, au ukitazama ndani (kwa zile zenye vifuniko) ukaona barafu, usiichaji na usiibusti (kuiwasha kwa umeme wa betri ya gari jingine). Inaweza kupasuka na kukurushia asidi usoni. Iondoe kwenye gari, iweke mahali penye joto iyeyuke yenyewe, kisha kagua nyufa. Kwa maoni yangu, betri iliyokwisha kuganda haifai kuaminiwa tena hata ikionekana nzima. Unaponunua nyingine, tafuta namba iliyoandikwa kando ya herufi CCA: hizo ni ampea ambazo betri mpya inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye nyuzi -18 bila kushuka chini ya volti 7.2. Kwenye baridi, namba hiyo ina maana kuliko jina la kampuni.

Kubusti kuna mpangilio wake. Waya nyekundu huanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Waya nyeusi huanza kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho hubanwa kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Ncha hiyo ya mwisho ndiyo hutoa cheche, na betri hutoa haidrojeni, ambayo hulipuka. Liache gari lenye betri nzima liungurume dakika tano hivi kabla ya kujaribu. Usishikilie stata zaidi ya sekunde 10. Ipumzishe dakika moja, kisha rudia.

Kuhusu oili, tazama namba iliyo mbele ya herufi W. Ikiwa ndogo, oili hutiririka mapema injini ikiwa baridi. Mahali panaposhuka chini ya nyuzi -25, 15W haina kazi. Nataka 0W au 5W, ili mradi kitabu cha gari kinaruhusu.

Maji ya rejeta yana kosa moja linalojirudia: watu hudhani dawa ya kuzuia kuganda, yaani glikoli, ikizidi ndiyo kinga inazidi. Glikoli na maji nusu kwa nusu haigandi hadi karibu nyuzi -37. Glikoli tupu, isiyochanganywa na maji, huganda karibu nyuzi -13. Glikoli isizidi asilimia 70. Kosa la upande wa pili ni kujazia maji matupu kidogokidogo msimu mzima wa joto. Maji yakiganda huvimba kwa asilimia 9 hivi, na bloku ya injini haina mahali pa kuyapisha. Kipimo kidogo cha kufyonza maji ya rejeta kitakuonyesha kiwango halisi. Pima injini ikiwa imepoa.

Wenye dizeli wana shida yao peke yao. Dizeli ina nta, na baridi ikizidi nta hiyo hugeuka chembe zinazoziba filta. Dalili yake haikosi: gari linawaka vizuri kwa mafuta yaliyobaki kwenye mabomba, linakwenda mita mia kadhaa, linapoteza nguvu, kisha linazima. Likikataa kuwaka kabisa, anza kutafuta kwenye betri na plagi za kupasha, usikimbilie mafuta. Dawa ya kuzuia nta hutiwa dizeli ikiwa bado angavu, na ni vizuri kuitia kabla ya kujaza tangi ili ichanganyike. Mafuta yakishakuwa na ukungu, kwa kawaida dawa hiyo haiwezi kuyarudisha. Ingiza gari kwenye joto na ubadilishe filta. Zamani madereva walichanganya petroli kidogo. Kwenye injini za kisasa zenye reli ya shinikizo kubwa usithubutu, kwa sababu dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha pampu. Petroli ikiingia, pampu hujisaga na vumbi la chuma huenda moja kwa moja kwenye nozeli. Toa maji chini ya filta kabla ya msimu, na usiache tangi lishuke chini ya nusu.

Kama gari lina hita ya bloku (kifaa cha umeme cha kupasha injini kabla ya kuwashwa), saa mbili au tatu kabla ya safari zinatosha. Kuiacha usiku kucha ni kuchoma umeme bure.

Mambo madogo ya jioni: zima waipa kabla ya kuzima gari, maana ukiwasha asubuhi zikiwa zimegandamana na kioo, fyuzi au mota huungua. Paka raba za milango silikoni. Usivute breki ya mkono ikiwa magurudumu yamelowa. Weka gia, au P kwa gari la otomatiki, na uzuie tairi kwa kigingi.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, fukua theluji kwenye ekzosi. Ikizibwa, moshi wenye kaboni monoksidi huingia ndani ya gari, na gesi hiyo haina harufu. Vivyo hivyo usipashe injini ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi. Kioo kikwangue, maji ya moto hukipasua. Injini haihitaji robo saa ya kuunguruma: dakika moja, kisha endesha taratibu hadi joto lipande. Tairi hupoteza takriban psi 1 kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6, kwa hiyo pima upepo kabla ya safari.

Kufukua theluji ni kazi nzito kuliko inavyoonekana. Njia ya mita 10 kwa 3 yenye theluji ya sentimita 20 ni mita 6 za ujazo. Ikiwa kavu na mpya, huenda ni kilo 500. Ikiwa imelowa inaweza kupita kilo 1,800. Sukuma badala ya kunyanyua, jaza koleo nusu, na kifua kikibana acha papo hapo uombe msaada: baridi hubana mishipa wakati moyo unadai damu zaidi.

Mashine ya kurusha theluji ikiziba, zima injini, subiri visu visimame, kisha tumia fimbo. Usiingize mkono hata injini ikiwa imezimwa, kwa sababu mkanda uliojikaza unaweza kuvizungusha visu kidogo kizuizi kinapoachia, na kidogo hicho kinatosha kukata vidole. Ukijaza petroli, vaa glavu zisizopitisha maji. Petroli haigandi kama maji, hivyo ikikumwagikia ina baridi ileile ya nje na bado inafyonza joto la ngozi inapokauka.

Chumvi ya kawaida hufanya kazi vizuri hadi karibu nyuzi -9. Chini ya hapo tumia kalsiamu kloridi, au mwaga mchanga tu ili miguu ishike. Fukua kwanza, ndipo unyunyize; kiganja kimoja kwa mita ya mraba kinatosha.

Bomba la nje lishughulikie kabla ya baridi ya kwanza. Chomoa mpira wa maji, funga koki ya ndani, kisha fungua ya nje maji yaishe na uiache wazi. Mpira ukiachwa umechomekwa, maji hubaki nyuma ya koki na bomba hupasuka ndani ya ukuta. Hutajua hadi barafu iyeyuke na ukuta uanze kulowa.