Kundinyota na fungunyota

Mwezi Juni, saa mbili usiku, umeme ulikatika Kigamboni. Nikatoa darubini uani, nikaielekeza kusini kwenye Salibu, nyota zinazochora msalaba. Kijana wa jirani akainama, akachungulia, akanyamaza kidogo, kisha: "Anko, kundinyota hili lina nyota nyingi!" Alikuwa akitazama Sanduku la Johari: nyota za weupe wa kibuluu zimesongamana, na katikati yao moja ya rangi ya chungwa. Hilo ni fungunyota. Kosa hili nimelisikia mara nyingi mno, ndiyo maana naandika.

Kundinyota ni umbo tunaloliona tukiunganisha nyota kwa macho. Wanaastronomia wameligawa anga lote katika makundinyota 88. Fungunyota ni nyota zilizozaliwa pamoja katika wingu moja la gesi, na bado zinashikana kwa uvutano wao.

Anayetupotosha ni "kundi". Kundi la mbuzi liko pamoja kweli, linalala zizi moja, kwa hiyo mtu akisikia kundinyota anadhani nyota zake ni majirani. Sivyo. Nyota ya juu ya Salibu iko umbali wa karibu miaka ya nuru 90, yaani nuru yake husafiri karibu miaka 90 kutufikia. Ile ya chini, angavu kuliko wenzake, karibu 320. Ukihamia mbali vya kutosha, msalaba unavunjika.

"Fungu" limekaa vizuri zaidi. Fungu la nyanya sokoni zimerundikwa, zinagusana. Baharini, fungu ni mchanga uliojikusanya, kama Fungu Yasini hapo kaskazini mwa jiji. Sanduku la Johari ni fungu la namna hiyo. Linaonekana kando ya nyota ya kushoto ya Salibu, lakini liko nyuma yake mbali sana, miaka ya nuru 6,000 na zaidi.

Wazee wetu walilijua fungunyota moja kwa jina lake, Kilimia, kutokana na kulima: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Nyota zake zinafika elfu moja hivi, za tumbo moja, ingawa kwa macho tunahesabu sita au saba. Kwa hiyo, kijana wangu, Kilimia ni fungunyota, nalo limo ndani ya kundinyota la Ng'ombe.