Jeni za Kinga Zikipanda, Je, Samaki Amekwisha Kukingika?

Chanjo ya DNA ni plasmidi, yaani DNA ya mviringo iliyobeba jeni ya protini moja ya virusi. Hudungwa kwenye msuli ili seli za samaki mwenyewe ziitengeneze protini hiyo. Ili kuona kama imefanya kazi, hupimwa jeni za kinga za samaki: zikifanya kazi zaidi, husemwa zimepanda. Zifuatazo ni dhana potofu kuhusu vipimo hivyo na kuhusu chanjo yenyewe.

Dhana: jeni ya Mx (moja ya jeni za kupambana na virusi) ikipanda, chanjo imefanya kazi.

Hii ndiyo dhana inayopotosha zaidi, kwa kuwa ina chembe ya ukweli. Trauti waliodungwa plasmidi yenye jeni ya protini G ya virusi vya VHS au vya IHN (magonjwa mawili hatari ya samaki) huwasha interferoni, yaani protini zinazoziamsha seli dhidi ya virusi, na Mx ndani ya siku chache, na katika kipindi hicho huweza kustahimili hata virusi ambavyo hawakuchanjwa dhidi yake. Lakini kinga hiyo ya mwanzo haichagui adui, na hufifia. Inayodumu ni kinga mahususi, pamoja na kingamwili zake, ambayo huhitaji wiki kadhaa kujengeka na huchelewa zaidi maji yakiwa baridi. Kwa hiyo Mx iliyopimwa siku ya 7 haisemi lolote la uhakika kuhusu miezi ijayo, na ikishuka baadaye, hiyo si dalili kwamba chanjo imeshindwa.

Dhana: namba inayotolewa na mashine ya PCR, inayozidisha nakala za jeni mzunguko kwa mzunguko hadi zionekane, inajitosheleza.

Tuseme Mx imeonekana kwenye mzunguko wa 22 kwa samaki aliyechanjwa na wa 27 kwa asiyechanjwa; inayoonekana mapema ndiyo iliyokuwa nyingi zaidi. Kila mzunguko huongeza DNA takriban maradufu, hivyo tofauti ya mizunguko 5 ingemaanisha ongezeko la mara 32. Sasa itazame jeni rejea, ile inayotarajiwa kutobadilika: imeonekana kwenye mzunguko wa 17 kwa wa kwanza na wa 19 kwa wa pili, maana yake sampuli ya kwanza ilikuwa na RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi) nyingi zaidi tangu mwanzo. Ukiiondoa tofauti hiyo, ongezeko halisi ni mara 8 tu. Na jeni rejea yenyewe ikiyumba kwa sababu ya chanjo, hesabu yote imeharibika.

Kundi la kulinganishia nalo lisiwe la samaki wasioguswa. Sindano hujeruhi msuli, na DNA ya bakteria ndani ya plasmidi huchokoza kinga hata isipobeba jeni ya virusi; ndiyo maana plasmidi tupu ni ya lazima.

Dhana: tishu yoyote inafaa kupimwa.

Samaki hawana uboho wa mifupa wala tezi za limfu kama mamalia, hivyo figo ya kichwa (sehemu ya mbele ya figo) na wengu ndivyo viungo vikuu vya kuchunguzwa, pamoja na msuli uliodungwa. Hapo kwenye msuli pana mtego: RNA ya kingamwili ikiongezeka, huenda hakuna jeni iliyowashwa, bali seli za kinga zimehamia mahali pa sindano.

Dhana: samaki aliyechanjwa hugeuka kiumbe chenye jeni zilizobadilishwa.

Plasmidi haikuundwa ijipachike kwenye kromosomu. Kanada iliidhinisha chanjo ya DNA dhidi ya IHN mwaka 2005, na Umoja wa Ulaya ukaidhinisha ya ugonjwa wa kongosho wa salmoni mwaka 2017.

Dhana: vipimo vya jeni vinaweza kuchukua nafasi ya jaribio la maambukizi.

Bado. Hueleza njia ambayo kinga imepitia, lakini uthibitisho hupatikana pale waliochanjwa na wasiochanjwa wanapoambukizwa virusi hai, kisha vifo vya kila kundi vikahesabiwa.