Afisa Akibadilishwa, Shauri la Mtoto Lisianze Upya

Malalamiko yanayoongezeka kwenye meza zetu za ustawi wa jamii siku hizi ni ya kubadilishiwa afisa. Mlezi anafika na mtoto, anakuta aliyewahudumia mwanzo amehamishwa, na aliyepo anaomba aelezwe kila kitu upya. Wengine hukata tamaa wakaondoka, na shauri linabaki jaladani bila kuendelea wala kufungwa. Ni malalamiko ya haki. Wananchi wanastahili kuelezwa sababu zake na taratibu zinazowalinda, nao pia wana wajibu wao ambao tutausema wazi.

Tuanze na mtoto. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa 2011, ulionesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kati ya hao, takribani nusu ya wasichana na theluthi tu ya wavulana ndio waliowahi kumweleza mtu yeyote. Mtoto aliyefika ofisini akasimulia amekwisha kujikaza kiasi ambacho watu wazima wengi hawakiwezi. Akitakiwa kurudia kwa mtu asiyemjua, mara nyingi husema kidogo kuliko mara ya kwanza, au hukana kabisa, na upande wa utetezi mahakamani ukizipata kauli mbili zisizolingana utazitumia. Ndiyo maana kwetu afisa kukaa kituoni ni jambo la ubora wa huduma kabla halijawa jambo la masilahi ya mtumishi.

Kwa nini basi hawakai? Tanzania Bara ina halmashauri 184 na kata zaidi ya 3,900, na kata nyingi hazina afisa ustawi wa jamii wake. Mmoja hushika kata kadhaa. Huyohuyo anasubiriwa kwenye usuluhishi wa ndoa, kwenye masuala ya wazee na watu wenye ulemavu, kwenye misamaha ya matibabu, na kwenye Mahakama ya Watoto, ambako sheria inataka afisa ustawi awepo. Pikipiki ikikosa mafuta, nyumba haitembelewi. Wapo waliotishwa na ndugu wa mtuhumiwa wanaoishi nao mtaa mmoja. Baada ya muda, afisa huyu, mara nyingi kijana mwenye shahada, anaomba uhamisho kumfuata mwenza wake, au anakwenda kwenye mradi unaolipa vizuri zaidi. Miradi nayo haina uhakika. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, miradi iliyotegemea fedha hizo ilisimama, na wahudumu wa jamii waliokuwa wakilipwa posho kufuatilia watoto majumbani wakakosa wa kuwawezesha. Hao ndio walioijua kila nyumba, na wajukuu wanaolelewa na bibi peke yake.

Mishahara ni jambo la ngazi nyingine, sitaligusa. Lakini uzoefu wetu unaonesha kuwa kinachomchosha afisa mapema zaidi ni upweke. Binti wa miaka 25 amepangiwa kata ya mbali, shauri lake la kwanza ni la mtoto aliyebakwa na baba yake mzazi, na hana mkubwa wa kukaa naye akamuuliza: umelala vipi, umeamua nini, wapi umekwama? Halmashauri inayoweka siku maalumu kila wiki ya maafisa kupitia mashauri magumu na msimamizi wao haihitaji kusubiri ikama mpya, yaani kuongezewa idadi ya watumishi. Inahitaji mkuu wa kitengo asiyevutwa kila siku kwenye vikao vingine. Tunawaomba wakurugenzi walione hilo kama kazi kamili. Tunaomba pia afisa anayeshika mashauri ya watoto asihamishwe katikati ya mwaka bila sababu kubwa, na uhamisho ukilazimu, asiondoke kabla ya kukabidhi.

Makabidhiano hayo yana utaratibu, na mlezi anapaswa kuujua ili audai. Shauri likipokelewa hufunguliwa jalada na kupewa namba. Ndani yake hukaa fomu ya kupokelea taarifa, tathmini ya hali ya mtoto na familia, mpango wa huduma, kumbukumbu za kila ufuatiliaji, na hatimaye sababu za kulifunga. Anayeondoka anatakiwa kukabidhi kwa maandishi, na inapowezekana amtambulishe mwenzake kwa mtoto ana kwa ana. Anayepokea anasoma jalada kwanza, kisha anauliza kile tu ambacho hakimo. Kwa hiyo, mzazi, omba namba ya jalada siku ya kwanza, iandike mahali ambapo hutaipoteza, na uje nayo. Ukiulizwa yaleyale yote, una haki ya kusema, kwa heshima, kwamba maelezo yamo jaladani. Jalada lisipoonekana, usimkaripie mtoto wala karani. Omba kumwona msimamizi wa kitengo siku hiyohiyo.

Sasa upande wa wananchi, na hapa lazima niseme bila kuzunguka. Ofisi ya ustawi haivunji ndoa za watu. Haiwanyang'anyi wazazi maskini watoto wao. Mtoto huondolewa nyumbani pale tu usalama wake unapodai hivyo, na ndugu hutazamwa kwanza, kisha familia za kuaminika, na makao ya watoto huwa mwisho kabisa. Amri ya malezi hutolewa na mahakama. Afisa hana mamlaka ya kuitoa kwa hasira zake.

Linaloumiza zaidi ni kuyamaliza kifamilia. Mzazi anatoa taarifa, afisa anafanya tathmini, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto wanafungua jalada lao, kisha wiki ya tatu familia mbili zinakaa, zinapokezana fedha, na mtoto anafundishwa kukanusha. Hili nalo linawaondoa maafisa wazuri kazini. Ieleweke kwamba ubakaji haufutwi na kikao cha ukoo. Chini ya Kanuni ya Adhabu, anayetiwa hatiani kwa kubaka hufungwa miaka isiyopungua 30, na kama mtoto ni msichana wa chini ya miaka 10, adhabu ni kifungo cha maisha. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Na anayekiuka haki za mtoto zilizowekwa katika Sehemu ya Pili ya Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, ikiwemo haki ya matunzo na kinga dhidi ya mateso, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Kifungu cha 95 cha sheria hiyo kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa ya mtoto anayenyimwa haki azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Hakisemi jirani peke yake. Hakisemi "asiye na ugomvi na mhusika". Wala huhitaji ushahidi kamili. Kuchunguza ni kazi yetu. Mtendaji wa mtaa, kijiji au kata anapokea taarifa, na simu ya huduma kwa watoto, namba 116, ni ya bure. Afisa anaweza kumwita mlalamikiwa wajadiliane. Akikaidi, suala linapelekwa mahakamani. Kwa ukatili wa kingono usianzie kwetu. Mpeleke mtoto kituo cha afya au Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako matibabu, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina kikomo hicho. Usimwogeshe, usifue nguo zake.

Jambo la mwisho ni bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini vipaumbele hukusanywa miezi mingi kabla, kwenye mikutano ya mitaa na vijiji. Mara nyingi mikutano hiyo inaomba madaraja na madarasa, na hakuna anayetaja mafuta ya pikipiki ya afisa ustawi au posho ya Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto. Litajwe, liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na diwani aulizwe baadaye limefika wapi. Mkutano ukisema kata haina afisa, muhtasari uandike pia idadi ya watoto walio kwenye rejesta ya walio katika mazingira hatarishi, ambayo sheria inaitaka halmashauri iwe nayo, ili ombi hilo lifike likiwa na hoja.