Kikao cha ukoo hakikupi mamlaka ya mali za mzazi aliye hai

Jamani ile meseji imerudi tena kwenye magrupu ya Wasapu huku Kigoma, eti mzazi akianza kupoteza kumbukumbu basi mtoto wa kwanza akiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo na barua ya mtaa anaweza kuuza nyumba au shamba la michikichi. Siyo kweli. Mzee yupo hai, mali bado ni yake, na kama akili imeyumba anayeweza kumteua mtu wa kusimamia hizo mali ni mahakama, ikishajiridhisha na hali yake, ipo kwenye Sheria ya Afya ya Akili ya 2008.

Nadhani watu wanachanganya na mirathi, maana kule kweli muhtasari wa ukoo unaombwa, ila mirathi ni ya marehemu, na hata huo muhtasari unapelekwa mahakamani, wenyewe hauuzi hata mche mmoja.

Ukiletewa karatasi angalia muhuri wa mahakama na namba ya shauri, halafu nenda nayo masjala ya mahakama hiyohiyo ukaulize, usilipie kiwanja Ujiji kwa picha ya kwenye simu. Na meseji yenyewe usiifowadi tena, hata kama kaituma shangazi, mjibu tu taratibu inboksi.