Makazi ya popo wa kaskazini maana yake nini?

Kwetu ukitaja popo, wengi humfikiria yule mkubwa anayemaliza maembe usiku. Kaskazini mwa Ulaya, yaani Sweden, Norway na Finland, popo wa matunda hawapo. Wa huko hula wadudu, tena ni wadogo: Eptesicus nilssonii, anayefika hadi ndani ya mstari wa Aktiki nchini Norway (mstari unaozunguka eneo la ncha ya kaskazini ya dunia), ana gramu kumi hivi tu.

Kwa mnyama huyu, makazi si nyumba moja. Kuna pa kulala, pa kuwindia, pa kujificha baridi, na njia za kupitia kati yake. Hizo njia ndizo watu husahau.

Majira ya joto, majike hukusanyika kati ya dari na paa la nyumba au kanisa la zamani. Jua hupasha vigae, na mtoto anahitaji joto ili akue. Jioni hutokea kwenye ufa usiozidi upana wa kidole gumba.

Hapo kila aina hushika njia yake. Myotis daubentonii huenda ziwani. Huruka sentimita chache juu ya maji na kuchota wadudu kwa miguu yake mikubwa, lakini huchagua maji yaliyotulia, maana viwimbi huchafua mwangwi wa sauti yake anaoutegemea kutambua windo. Eptesicus nilssonii yeye hapendi kuhangaika: hupiga doria kwenye taa za barabarani, nondo wanapojileta wenyewe. Taa hizohizo kwa popo mwenye masikio marefu ni ukuta. Sweden, makanisa yalipomulikwa kutoka nje ili yapendeze, popo hao waliyahama mengi, ingawa paa lenyewe halikuguswa.

Mwezi Juni, huko juu kabisa, jua halizami. Popo huwinda saa chache tu karibu na saa sita usiku, mwanga ukiwa umefifia kidogo.

Baridi ikiingia wadudu huisha. Popo huhamia mapangoni, kwenye migodi iliyoachwa, hata stoo za chini ya ardhi za kuwekea viazi: mahali penye unyevu, nyuzijoto chache juu ya sifuri. Mwili hupoa karibu sawa na ukuta anaoning'inia. Mtu akiingia na tochi akamwamsha, popo huchoma mafuta ambayo hatayapata tena mpaka wadudu warudi.